Chumba Kilichopakwa Vizuri Mno

Fundi rangi aliosha brashi zake kwanza, ndipo akanawa uso. Ndivyo alivyofanya kila asubuhi tangu aanze kulala kwenye stoo ya lile ghorofa jipya, katikati ya mifuko ya saruji na makopo matupu, na hakuona sababu ya kubadili utaratibu eti kwa kuwa leo ni siku ya mwisho. Juu ya kichwa chake zilikuwepo nyumba alizozipaka yeye na wenzake, ghorofa baada ya ghorofa, zenye sebule pana na majiko ambayo ungeweza kulaza ndani yake ukoo mzima na mgeni wao. Hakuna aliyekuwa akiishi humo. Wenyewe walikuwa wanasubiri bei ipande. Fundi alilala chini kabisa, na hata huko chini sasa alikuwa anaondolewa, maana jengo lilikuwa linakabidhiwa mchana huo.

"Fundi, godoro hilo litoke kabla bosi hajafika," mlinzi alimwambia kutoka mlangoni. "Akilikuta humu, mimi ndiye nitakayemwaga unga."

"Usiwe na shaka, kaka. Leo nahamia kwangu."

Alisema "kwangu" kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Mlinzi akacheka, akamsaidia kulifunga godoro kwa kamba.

Simu ikalia. Alikuwa mkewe, na nyuma ya sauti yake alisikika mtoto mdogo akilia na kondakta akigombana na mtu juu ya mzigo.

"Tumeshapanda basi," mkewe alisema. "Kaka yako ametusindikiza mpaka stendi yeye mwenyewe. Nadhani alitaka kuhakikisha kwamba tumeondoka kweli."

"Usimseme hivyo."

"Simsemi, nakuhadithia. Chumba chetu kishapigwa deki, mwanawe anaingiza mke. Hata tukisahau kitu hatuna pa kurudia. Sasa niambie ukweli, baba watoto. Hicho chumba unachokisifia kila siku kipo, au unatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa?"

"Kipo. Utakiona kwa macho yako."

"Kina dirisha?"

"Kina dirisha, na fremu yake nimeipaka. Jioni utanipa jibu mwenyewe."

Akakata simu huku akitabasamu peke yake kama mtu aliyeokota kitu.

Kukipata hicho chumba kulikuwa kumemtoa jasho. Dalali wake aliitwa mtaani Bwana Funguo, kwa sababu ya shada la funguo lililoning'inia kiunoni mwake, nyingi zikiwa hazifungui mlango wowote. Alitoza ada ya kuonyesha, upende usipende, na kwa ada hiyo alikuwa amemwonyesha fundi chumba kilichokuwa zamani banda la kuku, chumba ambacho njia ya kwenda chooni ilipita katikati yake, na kingine kizuri tu, isipokuwa mwenye nyumba hakutaka mpangaji mwenye mke, wala mwenye watoto, wala mwenye redio. "Huyo anatafuta maiti," fundi alisema. Bwana Funguo hakucheka, maana hata maiti angemletea kamisheni.

Mwishowe akampeleka kwenye nyumba ya vyumba sita vilivyopangwa safu moja, vikitazamana na ua wenye bomba la maji. Shule ilikuwa ng'ambo ya barabara. Kazini mtu angeweza kwenda kwa miguu. Chumba cha mwisho kilikuwa kimekaa bila mtu muda mrefu, kwa sababu mpangaji aliyetangulia alikuwa akipikia ndani kwa mkaa, na kuta zilikuwa nyeusi mpaka darini, zinabanduka magamba. Watu walichungulia wakageuza. Fundi aliingia, akapapasa ukuta, akaugonga hapa na pale kwa kidole, akajua kwamba uchafu ule ulikuwa wa juujuu tu.

"Kama utaweza kuishi humo, mimi sina neno," mama mwenye nyumba alisema, akataja kodi ambayo fundi ilibidi ainamishe uso ili asionekane amefurahi. Wakakubaliana kwa mdomo. Akalipa mwezi wa kwanza, akapewa ufunguo wiki moja kabla ya kuhamia.

Hapo ndipo alipojipalia makaa. Mwashi angehamia kwanza. Dereva angehamia kwanza, tena angelala usingizi wa pono humo humo kwenye masizi. Lakini fundi rangi kumlaza mkewe kwenye ukuta unaobanduka ni sawa na fundi cherehani kwenda kwa wakwe na suruali iliyochanika. Kila jioni akitoka kazini alipita na mabaki ya rangi ambayo msimamizi alimruhusu kuyachukua. Akakwangua, akapiga msasa, akaziba nyufa kwa puti, akapaka mkono wa kwanza na wa pili. Mabaki hayakuwa ya rangi moja, kwa hiyo akayachanganya yote kwenye ndoo mpaka ikatoka rangi ambayo haikuwa na jina dukani, kitu kama maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Chini, kwa kimo cha mikono ya mtoto, akazungusha mkanda wa rangi ya mafuta, ili vidole vichafu vikigusa mama aweze kufuta kwa kitambaa.

Majirani walikuja kuchungulia. Dobi, mama mtu mzima aliyefulia watu nguo na kuishi chumba kinachofuata, alimwazima meza ya kupandia, na jioni moja akamletea chai kwenye kikombe cha bati.

"Hiki ni chumba au ikulu, mwanangu?" aliuliza. "Utatufanya tuone haya kulala kwetu."

Fundi alikunywa chai ile akiwa amesimama, akitazama kona zake zilivyonyooka. Alikuwa na furaha. Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alipaka kitu ambacho angekitumia mwenyewe.

Basi asubuhi hiyo aliingia uani na godoro kichwani na ndoo ya vifaa mkononi, akakuta mlango wa chumba chake uko wazi. Ndani walikuwemo watu watatu. Mama mwenye nyumba alisimama katikati, mikono kiunoni. Bwana Funguo alikuwa anachunguza dari. Wa tatu alikuwa kijana mwenye shati lililochomekwa, anayepima ukuta kwa mikono aone runinga yake itakaa wapi.

"Karibu, fundi, karibu," mama mwenye nyumba alisema. "Afadhali umefika, tuelewane."

"Shikamoo, mama. Si tulishaelewana?"

"Marahaba. Tulielewana, ndiyo. Ila chumba tulichoelewana si hiki."

"Ni hikihiki, mama. Cha mwisho."

"Baba, nilichokupa mimi kilikuwa cheusi. Hiki ni kingine. Hebu tazama mwenyewe." Akapitisha kiganja kwenye ule mkanda wa rangi ya mafuta, akakigeuza kiganja kuonyesha kwamba hakikushika kitu. "Chumba cha namna hii mtaa huu wote hakipo. Huyu kijana yuko tayari kulipa kodi yako na nusu yake tena juu. Na analipa miezi mitatu kwa mpigo."

"Lakini nimekipaka mimi!"

"Nilikutuma?"

Hakutumwa. Godoro lilikuwa bado liko kichwani, na ghafla akahisi uzito wake wote shingoni.

"Mke wangu yuko njiani na watoto," alisema. "Wameshapanda basi, mama. Huko walikotoka hakuna pa kurudi."

Yule mama hakuwa na roho ya jiwe. Uso wake ulilegea kidogo. "Ndiyo maana sijampa ufunguo. Mimi naishi kwa hivi vyumba, baba, sina mshahara wala pensheni. Leta kodi mpya kabla ya saa kumi, chumba ni chako. Ukishindwa, hela yako hii hapa, haijapungua hata senti. Nani mwingine angekufanyia hivyo?"

Kodi mpya fundi aliijua bila kalamu. Angeweza kuilipa, au angeweza kulisha watu wanne. Vyote viwili havikuwezekana.

Akaliacha godoro kwenye baraza ya dobi, ambaye hakuwepo, akaenda ofisi ya mtaa. Karani alikuwa amechomeka simu tatu kwenye soketi moja na anasoma ya nne.

"Mkataba?" karani aliuliza bila kuinua macho.

"Wa mdomo."

"Mdomo wa nani?"

"Wangu na wake."

"Basi ilete midomo yote miwili hapa." Karani akacheka utani wake mwenyewe, kisha akaona aongeze la kikazi. "Sikiliza, mzee wangu. Sisi kumwita mtu kuna ada ya wito. Tukimwita, atasema kilikuwa cheusi. Utaonyesha nini? Hata hicho cheusi umeshakipaka. Tena yule mama ni mjumbe kwenye kamati yetu. Mimi nakushauri kama ndugu, katafute kwingine mapema."

Akatafuta kwingine. Bwana Funguo alimsubiri nje ya ofisi, ameshika shada lake ili lisipige kelele, kwa aibu kidogo.

"Leo nakuonyesha bila ada," alisema. Walipotembea hatua chache akajirekebisha. "Nusu ada."

Walianza mlimani, ambako kodi ilikuwa nafuu. Chumba kilikuwa kikavu, na dirisha lake lilitazama mbali. Fundi akauliza bomba liko wapi. Mwenye nyumba akaonyesha kwa kidevu gari la maji lililokuwa linapanda kilima taratibu, na foleni ya madumu iliyokuwa inalisubiri. Dumu moja lilikuwa na bei yake, na bei hiyo haikuwa ya kucheka. Wakashuka bondeni. Huko kulikuwa na chumba kikubwa kilichogawanywa kwa mbao nyembamba kuwa vitatu, na cha katikati hakikuwa na dirisha kabisa. Mtu wa upande wa pili alikohoa, na fundi akasikia hata alipomeza mate. Cha mwisho walikipata baada ya kutembea mpaka nyumba zikaanza kuachana na mihogo ikaonekana. Kilikuwa kizuri, fundi akakipenda, halafu akapiga hesabu ya nauli ya kwenda kazini na kurudi, akaona kwamba atakuwa amemlipa konda ile kodi aliyoikwepa kwa mama mwenye nyumba. Kila mahali palipokuwa na kodi aliyoimudu palikuwa na kitu kingine cha kulipia, na mwisho wa hesabu vyote vilifika palepale.

"Usikate tamaa," Bwana Funguo alimwambia walipokuwa wanarudi, viatu vyao vimekuwa rangi moja na barabara. "Wewe una mkono, fundi. Nimekiona kile chumba. Kuna tajiri mmoja anataka nyumba yake nzima ipakwe, ndani na nje. Nitakutaja kwake wiki hii. Ukiingia pale, umetoka."

"Nikitoka wiki hii, leo nalala wapi?"

Dalali akazipapasa funguo zake, akaongeza hatua.

Mkewe akapiga tena. "Tumeshavuka daraja kubwa. Binti yako anauliza kama kuna mahali pa kubandika picha zake."

"Papo."

"Mbona sauti imekukauka?"

"Vumbi tu."

Saa kumi ilimkuta uani. Yule kijana wa runinga alikuwa ameshaondoka. Mama mwenye nyumba alikaa kwenye kigoda mlangoni pa chumba cha mwisho, na kando yake kulikuwa na ndoo mbili mpya za rangi, zile za bei ya chini zenye picha ya jua kwenye kifuniko.

"Keti, fundi," alisema kwa upole. "Nimefikiri sana. Yule kijana ni faida ya chumba kimoja. Wewe ni faida ya nyumba nzima."

Fundi hakuketi.

"Nina vyumba vitano vingine hapa. Nipakie vyote viwe kama hiki chako. Rangi nanunua mimi, hizi hapa nimeshaanza, wewe utoe mkono wako tu, jioni jioni ukitoka kazini. Mimi nitakuachia chumba kwa kodi ileile tuliyosema. Kijana nitampa kimojawapo, hata cha dobi."

"Na dobi?"

"Vikishapendeza, kodi ya vyote itakuwa mpya. Atakayeweza akae. Asiyeweza apishe mwenzake. Mimi simfukuzi mtu." Akainua kifuniko cha ndoo moja, akaitazama rangi kwa matumaini. "Ukianza leo na cha dobi, leo unapokea familia yako. Nataka nikione cha kwanza kabla ya kulala."

Fundi akatazama lango. Basi lilikuwa linakuja, hakuna namna ya kulisimamisha. Aliona aibu kabla hata hajajibu, na aibu hiyo haikumzuia.

"Sawa, mama," alisema.

Dobi aliporudi aliambiwa na mwenye nyumba mwenyewe, mbele ya watu, kwa maneno mazuri. Hakubisha. Alianza kutoa vitu nje kimoja kimoja, sanduku, jiko, mafurushi ya nguo za watu alizokuwa amezipanga kwa majina ya wateja. Fundi alishika upande wa pili wa kitanda ili amsaidie.

"Kumbe ulipokuwa unapaka pale ulikuwa unatupimia na sisi," dobi alisema.

"Mama, sikujua."

"Najua hukujua. Ungejua ningekumwagia maji ya sabuni." Wakakiweka kitanda uani. Akapangusa mikono kwenye kanga, akapunguza sauti. "Mimi nimeingia humu mwanangu wa mwisho ananyonya. Sasa ana wanawe. Wateja wangu wote wako mtaa huu. Nikihamishiwa huko mlimani kwenye maji ya gari, nitamfulia nani, na kwa maji yapi? Basi paka, mwanangu. Una watoto."

Dobi akamwacha hapo. Akaenda kukaa juu ya sanduku lake, akawapa mgongo.

Fundi akaingiza godoro lake chumba cha mwisho, kisha akaingia kwa dobi, akashika chuma cha kukwangulia, akaanza kwenye kona kama ilivyo kawaida yake. Masizi ya jiko la dobi yalikuwa mepesi, yalitoka. Chini yake plasta ilikuwa ngumu na safi. Chumba kile kingependeza kuliko hata chake. Kwa jioni moja na mkono mmoja, bila puti nyingi, kingekuwa chumba cha kijana mwenye shati lililochomekwa.

Akasimama na kile chuma mkononi kwa muda. Kisha akakiweka chini.

Alifungua ndoo ya rangi, akamimina maji. Akakoroga, akatazama, akamimina tena, mpaka rangi ikawa inateleza kwenye fimbo kama mchuzi wa kwanza wa bi harusi asiyejua kupika. Hakupiga msasa. Hakupangusa hata vumbi. Alichovya brashi kubwa na kuipitisha juu ya masizi, na masizi yakaja na brashi, yakachora michirizi ya kijivu kutoka juu mpaka chini. Akapitisha tena palepale rangi ikiwa mbichi, jambo ambalo huwa anawagombeza wanaojifunza kazi kwake. Kwenye kona mkono ulitaka kunyooka wenyewe, kwa mazoea ya miaka, na ilimbidi aupindishe kwa makusudi. Iliuma. Hakuwahi kufikiri kwamba kupaka vibaya ni kazi ngumu kiasi kile.

Giza lilipoanza kuingia, Bwana Funguo akafika na mke na watoto. Alikuwa amekwenda kuwapokea stendi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakudai kitu. Mke aliingia chumba cha mwisho na mzigo wake, akasimama katikati yake. Binti alikimbia kuzunguka kuta nne, kiganja kikisugua ule mkanda unaong'aa.

"Chote hiki chetu?" binti aliuliza.

"Chetu, mama," fundi alijibu kutoka mlangoni.

Mkewe aliutua mzigo. Aligusa fremu ya dirisha, akamtazama mumewe, na macho yake yakajaa. Njia nzima alikuwa amejiandaa kwa kitu kibaya, na sasa hakujua afanye nini na yale maandalizi. Mwishowe akamlaza mtoto mdogo kwenye godoro, akamfuata mumewe kwenye chumba cha dobi ili amwone akifanya kazi.

Huyu ni mwanamke aliyewahi kushindwa kutoka nyumbani siku mbili kwa sababu mumewe alipaka mlango, hakuridhika, akaukwangua akaupaka upya. Akasimama kizingitini chini ya taa. Akaitazama michirizi, na kona iliyopinda, na matone sakafuni.

"Unaumwa?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Siumwi."

"Sasa hii ni nini?"

"Kapumzike, mama watoto. Umesafiri."

Hakwenda. Na kabla hajauliza tena, mama mwenye nyumba akaingia, nyuma yake yule kijana aliyeitwa aje kuona chumba chake kipya, na nyuma yao Bwana Funguo. Dobi alisogea mlangoni naye, na majirani wawili watatu.

Kijana hakuchukua muda. Alizungusha macho, akakunja pua. "Hapana, mama. Nilidhani ni kama kile. Hiki hapana." Akaaga kwa adabu, akaenda zake.

"Fundi!" Mama mwenye nyumba alikuwa haamini. "Umenifanyia nini?"

"Ukuta, mama," fundi alisema, akipangusa brashi. "Hizi kuta zina chumvi ndani. Bomba la maji machafu linapita nyuma ya vyumba vyote, linaishia hapa kwa dobi. Cha mwisho ndicho halikukifikia. Rangi hapa haishiki mpaka plasta yote ibomolewe, ipigwe upya."

"Yote?"

"Vyumba vyote vitano."

"Shilingi ngapi hiyo?"

Fundi akamtajia bei ya mwashi, ya saruji na ya mchanga, na hapo hakuongeza hata kidogo, haikuhitaji kuongezwa. Mama mwenye nyumba akashika kichwa. Kisha hasira ikatafuta pa kutokea, ikampata aliyekuwa karibu.

"Na mimi nikakuamini! Kumbe kile kimoja kilikuwa bahati. Fundi mzima unapaka kama mtu anayefukuzwa? Mwanangu wa darasa la pili angepaka vizuri kuliko hivi!"

Majirani wakacheka. Bwana Funguo aliitazama ile michirizi, akamtazama fundi, kisha akaanza kuzichezea funguo zake, na fundi akajua kwamba nyumba ya yule tajiri imeota mbawa. Uso ulimchoma. Katika mji huu hakuwa na ndugu wala cheti. Alikuwa na sifa ya mkono wake tu.

Mkewe akapiga hatua mbele. "Samahani, mama, huyu unayemsema ni mume wangu. Huko tulikotoka watu walikuwa wanamfuata kutoka wilaya nyingine. Huyu akiamua kupaka..."

"Mama watoto."

Alimkatiza kwa sauti ambayo mkewe hakuizoea. Mkewe akamgeukia, mdomo wazi. Fundi akamtazama tu. Akaendelea kumtazama mpaka akaona kwamba ameelewa, au ameelewa kiasi cha kunyamaza.

"Mwache akutetee, ni haki yake," mama mwenye nyumba alisema. "Lakini wewe, baba, ni fundi jina tu."

"Ndiyo, mama," fundi alisema. "Jina tu."

Aliinamisha kichwa kama mtu aliyekamatwa, na hakuwa anaigiza.

Mama mwenye nyumba akapiga hesabu zake kwa vidole. Rangi ilikuwa imenunuliwa, duka halirudishi. "Vilivyobaki navyo upake hivyohivyo, siwezi kuimwaga," alisema mwishowe. "Kodi zao zitabaki kama zilivyo, nani mwingine atakubali kulala humu? Na wewe ukae hapo kwako kwa sasa. Kwa sasa, nimesema. Mwezi ujao tutaona." Akatoka, na uani akasikika anamwambia Bwana Funguo asithubutu tena kumletea mafundi wa vichochoroni. Bwana Funguo aliitikia kila neno.

Watu wakatawanyika. Mke wa fundi alisimama kidogo, kisha akaitwaa ile brashi mkononi mwa mumewe, akaenda nayo bombani kuiosha.

Dobi alibaki ndani peke yake na fundi. Alisogea ukutani, akauangalia kwa karibu, kama anavyoangalia kola ya shati la mteja mkorofi. Akapitisha kidole kwenye mchirizi mmoja. Akapiga goti, akagusa mahali pa kwanza pale konani, palipokuwa pamekwanguliwa vizuri na kuonyesha plasta ngumu, nyeupe, kavu kabisa. Akapangusa vumbi jeupe la plasta kwenye kanga yake.

"Umepaka vibaya," alisema bila kugeuka.

"Ndiyo, mama."

"Vibaya sana, mwanangu."

"Nimejitahidi."

Dobi akainuka, akashika kiuno kwa maumivu. Wakatoka pamoja kwenda kuchukua kitanda.